Mstari Shavuni kwa Kaisari: Kasoro za Kiwandani na Daraja la Sarafu ya Fedha

Rupia za Mjerumani bado zinatoka kwenye masanduku ya zamani kuanzia Mikindani hadi Kilwa Kivinje, na kila zinapouzwa ubishi huwa uleule. Mnunuzi anaigeuza sarafu, anaona mstari unaokata shavu la Kaisari au herufi mbili zisizosomeka, anasema imeharibika na kushusha bei. Muuzaji anashikilia kwamba ilitoka hivyo kiwandani. Ukubwa wa kasoro hauwezi kuwaamulia. Kinachoamua ni wakati: je, kasoro iliingia kabla pigo la mwisho la mashine halijakamilika, au baada yake?

Mpaka huo wengi huukosea kidogo. Mpaka hauko kwenye lango la kiwanda. Sarafu ikishagongwa hudondoka juu ya wenzake, humiminwa kwenye mifuko, huhesabiwa na kubebwa. Dola za fedha za Marekani, kwa mfano, zilifungwa elfu moja kwa mfuko, na kila mfuko ulipotupwa sarafu zilijeruhiana. Majeraha hayo yalipatikana mikononi mwa serikali, pengine siku ileile ya kugongwa, lakini kwa wapangaji wa madaraja, yaani wataalamu wanaoipa sarafu alama kulingana na hali yake, ni mikwaruzo ya kawaida na hupunguza alama. Kasoro ya kiwandani kwa maana inayotuhusu hapa ni ile iliyomo kwenye bamba la fedha, kwenye muhuri wa chuma, au kwenye pigo lenyewe.

Kipimo kinachotumika sana duniani ni cha alama 1 hadi 70. Kilianzishwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti za zamani za Marekani, kisha kampuni mbili za huko za kupanga madaraja, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, zikakifanya kipimo cha sarafu za kila aina. Sarafu iliyotumika madukani huishia 58. Kuanzia 60 hadi 70 ni sarafu ambayo haijalika kabisa, na tofauti kati ya 60 na 70 hutokana na mikwaruzo, mng'ao, ukali wa pigo na mvuto wa jumla. Wajerumani wanayo desturi nyingine, na mwenye rupia inampasa aijue kwa sababu wanunuzi wake wengi wako kule: wao hutaja kiwango cha kulika kwa maneno, kisha huandika kasoro pembeni. Ukikuta Schrötlingsfehler kwenye maelezo ya mnada, ujue kisahani cha fedha kilikuwa na dosari kabla ya kugongwa. Randfehler ni ubavu ulioumia, na mara nyingi hilo ni jeraha la baadaye. Kwa rupia za zamani mtindo huu una haki zaidi, maana mnunuzi anaonyeshwa kulika na kasoro kila kimoja peke yake badala ya kupewa namba moja iliyoficha vyote.

Ili kuisoma kasoro ni lazima kujua sarafu inavyotengenezwa. Fedha huyeyushwa pamoja na shaba, kwa sababu fedha tupu ni laini mno kwa matumizi ya kila siku. Mchanganyiko humiminwa kuwa mche, mche hupitishwa kwenye magurudumu ya chuma mpaka uwe bamba la unene unaotakiwa, na kutoka kwenye bamba hukatwa visahani vya duara. Kila kisahani huinuliwa ukingo kidogo, hupashwa moto ili kilainike, huoshwa na kukaushwa. Ndipo huwekwa ndani ya pete ya chuma, kati ya mihuri miwili yenye picha iliyochongwa kinyume, na kugongwa. Rupia moja ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilitakiwa itoke na gramu 11.66, fedha sehemu 917 kwa elfu. Zile za 1890 hadi 1902 ni za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zenye ngao ya simba na mnazi. Za 1904 hadi 1914 ni za koloni na zina herufi ya kiwanda, A kwa Berlin au J kwa Hamburg.

Sasa chukua lenzi ya sonara. Ya kukuza mara 5 inatosha kwa kupanga daraja, ya mara 10 ni ya kuthibitisha unachokishuku. Tumia taa moja tu, iwe upande, na uizungushe sarafu polepole chini yake. Mwanga wa dirishani mchana wa Mtwara ni mkali na hutoka kila upande, kwa hiyo huficha zaidi kuliko unavyoonyesha.

Cha kwanza kuangalia ni kama mstari umeinuka au umezama. Picha kwenye muhuri ni kinyume cha picha kwenye sarafu, hivyo ufa au mkwaruzo ulio kwenye muhuri hujazwa fedha wakati wa pigo na kutokea kwenye sarafu kama mstari ulioinuka. Hakuna kisu, mchanga wala sarafu nyingine inayoweza kuinua fedha juu ya uwanda, yaani sehemu tambarare isiyo na picha, kwa namna hiyo. Mstari ulioinuka na kupindapinda kutoka ukingoni, ukipita juu ya herufi, ni ufa wa muhuri: chuma kilichoka kwa kugonga maelfu ya sarafu. Kwa kawaida haupunguzi alama hata moja. Kipande cha muhuri kikimeguka ukingoni kabisa, sarafu hutoka na uvimbe bapa usio na picha mahali hapo, na bei yake huweza kupanda badala ya kushuka.

Mistari midogo mingi iliyoinuka, inayokwenda sambamba, huachwa na fundi aliyeung'arisha muhuri. Hii huwaponza watu kila siku, kwa sababu kwa macho matupu inafanana na mikwaruzo ya sarafu iliyosuguliwa. Tazama inapoishia. Uwanda wa sarafu ndio sehemu ya juu ya muhuri, na jiwe la kung'arishia hugusa sehemu za juu tu. Kwa hiyo mistari ya muhuri hukoma inapofika kwenye picha na kuendelea upande wa pili. Mikwaruzo ya kusugua haisimami: hupanda juu ya shavu, hupita kwenye herufi, na imezama. Ya kwanza haina madhara ya maana. Ya pili huweza kuifanya sarafu inyimwe namba kabisa na kupewa maelezo kwamba imesafishwa.

Kanuni ya kuinuka na kuzama ina mwanya wake, na hapo ndipo rupia na reale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya fedha yenye asili ya Austria, huhukumiwa vibaya. Ipo mistari iliyozama ambayo ni ya kiwandani. Enzi za zamani kisahani kilichozidi uzito kilipigwa tupa mpaka kifikie uzito halali, na bamba lililopita kwenye magurudumu yenye uchafu lilitoka na mifereji sambamba. Pigo linapokuja, fedha husukumwa kujaza mihuri na mistari mingi hufutika. Inayobaki hubaki pale ambapo fedha haikusukumwa kwa nguvu za kutosha, yaani kwenye kilele cha picha na ukingoni. Hivyo ukikuta mistari sambamba iliyozama kwenye shavu na kofia ya Kaisari lakini imekatika kwenye uwanda, na mng'ao umeifunika mpaka ndani, hiyo ni ya kisahani. Mkwaruzo wa baadaye hufanya kinyume chake: una kingo mbili zilizosukumwa juu kama udongo kandoni mwa mfereji wa jembe, sakafu yake inang'aa tofauti na sehemu nyingine, na hauchagui pa kupita.

Mistari ya tupa na ya magurudumu haichukuliwi kuwa uharibifu. Hata hivyo haisamehewi yote. Ikiwa michache na iko pembeni, sarafu hupewa namba yake. Ikiwa imeukata uso mzima, alama hushuka kwa sababu ya mvuto, na ikizidi sana kampuni huandika kwamba kisahani kina kasoro bila kutoa namba.

Kuchanganya pigo dhaifu na kulika ni kosa linalowagharimu wauzaji wengi kuliko yote niliyoyataja. Fedha iliyo kati ya mihuri miwili haitoshi kwenda kila mahali kwa wakati mmoja. Pale ambapo kilele cha picha ya mbele kinakabiliana na kilele cha picha ya nyuma, pande zote mbili zinagombea fedha ileile, na upande mmoja hukosa. Mihuri ikiachanishwa kidogo ili isivunjike haraka, au kisahani kikiwa hakikupashwa moto vizuri, tatizo huzidi. Mfano unaojulikana zaidi ni dola ya Morgan ya Marekani, gramu 26.73: nyingi zilizogongwa New Orleans zina nywele bapa juu ya sikio na kifua cha tai kisicho na manyoya, wakati zile za San Francisco za 1879 hadi 1882 hutoka kali. Dola ya Amani ya 1921 ilichongwa na picha iliyoinuka mno, katikati hapakujaa, na mwaka uliofuata picha ikashushwa.

Sarafu bapa kwa pigo dhaifu na sarafu bapa kwa kulika huonekana sawa kwenye picha ya simu. Mkononi zinatofautiana. Sehemu iliyolika ni laini, ya kijivu kilichofifia, na ukiizungusha chini ya taa mng'ao hukatika unapofika hapo. Sehemu isiyojaa bado ina ngozi ya kisahani: chembechembe, vijishimo vidogo, mistari ya bamba, na mng'ao unapita juu yake bila kukatika au ukififia kidogo tu. Geuza sarafu uangalie upande wa pili, mahali palepale panapokabiliana. Kama napo ni hafifu, pigo ndilo la kulaumiwa. Angalia pia herufi zilizo chini, karibu na uwanda, kwa sababu kulika huanza juu kabla ya kushuka: kilele kikiwa bapa kabisa na herufi zina kona kali kama zimekatwa jana, usikubali kuambiwa imelika.

Faida yake kwenye namba ni kubwa. Sarafu iliyolika haiwezi kuvuka 58 hata iweje, wakati yenye pigo dhaifu inaweza kupata 63 au 64. Haitafika 67, maana huko juu pigo kali ni sharti. Kwa hiyo pigo dhaifu ni kasoro ya kiwandani inayopunguza alama kweli, ila inapunguza kutoka juu. Haikutupi kwenye kundi la zilizotumika.

Shilingi ya Afrika Mashariki ya Mfalme George wa Tano, 1921 hadi 1925, inahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu fedha yake ni robo tu, katika gramu 7.78. Visahani vya mchanganyiko hafifu namna hii huoshwa kwa asidi kabla ya kugongwa ili shaba iliyo juu itoke na uso ubaki mweupe. Weupe huo ni utando mwembamba. Ukilika, rangi ya ndani hutokeza, ya manjano au wekundu hafifu, kwanza kwenye taji la mfalme na mwili wa simba. Rangi hiyo si kutu wala si kosa la kiwanda, ni dalili ya kulika, na mpangaji wa daraja huitumia kama shahidi. Anayeisugua shilingi hii ili "iwe nyeupe tena" anaondoa weupe uliobaki.

Mchanganyiko wenye uchafu, hewa au oksidi iliyonaswa ndani ya mche huleta kasoro nyingine, tabaka linalobanduka. Bamba linapofinywa, uchafu huo hutandazwa kuwa karatasi nyembamba ndani ya fedha, na siku moja ngozi ya juu huachia. Ikibanduka kabla ya pigo, utaona picha ya sarafu imeendelea hadi ndani ya shimo. Ikibanduka baada ya pigo, sakafu ya shimo ni mbichi, yenye mistari ya kuelekea upande mmoja, bila picha. Zote mbili chanzo chake ni kiwanda. Tabaka dogo huvumiliwa. Tabaka kubwa lililokula uso huweza kuleta ama lebo ya kosa la kiwanda ama maelezo ya kisahani kibovu, na kati ya hayo mawili bei hutofautiana sana. Kipande kinachoning'inia usikichokoe. Kikiwa mahali pake sarafu ina thamani zaidi, na kwenye mizani inabaki na uzito wake.

Kuhusu visahani vilivyokatwa pembeni, chuma cha kukatia kikiangukia juu ya nafasi iliyokwisha kukatwa, kisahani hutoka na pengo la mviringo mithili ya mwezi mchanga. Mwenye tupa anaweza kutengeneza pengo kama hilo kwa dakika chache, kwa hiyo usitazame pengo lenyewe, tazama upande wa pili wa sarafu. Kisahani chenye pengo kinapoinuliwa ukingo hakina cha kuegemea upande ule, hivyo ukingo ulio mkabala na pengo hutoka hafifu au hukosekana. Vilevile herufi zilizo karibu na pengo la kweli huvutika kulielekea, kwa kuwa fedha ilipata upenyo wa kukimbilia. Pengo la tupa hukata herufi kama kisu kinavyokata mkate, na ukingo wa mkabala unabaki mzima. Alama hizi mbili zikipatikana pamoja, sarafu ni ya kosa halali.

Herufi zisizoonekana mara nyingi huletwa na grisi iliyoziba mashimo ya muhuri. Mahali pa herufi huwa laini, pana mng'ao uleule wa uwanda, bila alama ya kukwanguliwa. Hupunguza kidogo au haipunguzi. Uzi wa kitambaa cha kufutia muhuri nao huacha mfereji uliozama, uliojikunja, wenye sakafu laini. Hauna ncha kali kama mkwaruzo, na hutokea zaidi kwenye sarafu za prufu, zinazogongwa kwa uangalifu maalumu kwa ajili ya wakusanyaji, ambazo mihuri yake hufutwa mara kwa mara. Tanzania ilitoa za namna hiyo mwaka 1974 katika mfululizo wa hifadhi ya wanyamapori, twiga kwenye shilingi 25 na faru kwenye shilingi 50, na za prufu ni za fedha ya 925, gramu 28.28 kwa ya shilingi 25 na gramu 35 kwa ya shilingi 50. Kwenye uwanda wa kioo kama ule hata kidole huacha alama ya kudumu, na ndiyo maana nyingi hupoteza alama kwa kushikwa kuliko kwa kosa lolote la kiwanda.

Picha inayoonekana mara mbili huwapa watu matumaini ya utajiri. Kama kivuli cha herufi ni bapa, kimeshuka ngazi moja na kimekula unene wa herufi yenyewe, muhuri ulitikisika tu wakati wa pigo, na hakuna nyongeza ya bei. Kama herufi zote mbili zina unene wake, zimeviringana, na ncha zake zimegawanyika, picha mbili zilikuwa kwenye muhuri tangu ulipotengenezwa. Hiyo ndiyo inayotafutwa.

Sarafu mpya za fedha safi zina tatizo lake: madoa meupe kama matone ya maziwa. Sarafu ya Kanada iitwayo Maple Leaf, ya fedha sehemu 9999 kwa elfu kumi, ndiyo iliyosemwa zaidi, na kiwanda chake kilianza kutumia ulinzi maalumu wa uso mwaka 2018. Madoa huhusishwa na mabaki ya kemikali za kuoshea yaliyokaukia kwenye kisahani kisha kuchomwa na moto wa kulainisha. Chanzo ni kiwanda, lakini doa huweza kujitokeza miaka baadaye, hata ndani ya kasha lenye namba 70. Ndiyo sababu kampuni za madaraja haziweki dhamana juu ya madoa hayo. Anayenunua sarafu hizi kwa bei ya 70 anunue akijua hilo. Kuhusu 70 yenyewe, PCGS hukubali kasoro ndogo ya kugongwa mradi isiharibu mvuto, kwa hiyo namba hiyo haimaanishi pigo lisilo na dosari yoyote.

Kabla ya kusema "kosa la kiwanda", ondoa kwanza uwezekano wa sarafu ya bandia ya kumiminwa. Mapovu ya hewa huacha vijishimo vya mviringo, na mapovu kwenye kalibu huacha vinundu vilivyoinuka vinavyofanana na kutu ya muhuri. Herufi huwa butu, na ubavuni huenda pana alama ya mshono. Pima: ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba ndani ya glasi ya maji iliyo juu ya mizani ya sonara iliyokwisha kuwekwa sifuri, isiguse chini wala pembeni. Rupia kamili itaongeza karibu gramu 1.13. Reale ya Maria Theresa, gramu 28.07 za fedha ya 833, itaongeza karibu 2.75. Gawa uzito wa sarafu kwa namba iliyoongezeka: rupia hutoa karibu 10.3, reale 10.2. Sarafu iliyolika uzito wake umepungua, lakini jibu la mgawanyo halibadiliki. Tarehe ya 1780 kwenye reale isikusumbue, kwani sarafu hiyo iliendelea kugongwa kwa tarehe hiyohiyo katika viwanda vingi, London na Bombay vikiwemo.

Sarafu za masultani wa Kilwa haziingii kwenye hesabu hii. Nyingi ni za shaba, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kinachookotwa kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani au Songo Mnara huripotiwa, hakiuzwi.

Kwa hewa ya chumvi ya pwani yetu, sarafu iliyothibitika kuwa na kasoro nzuri iwekwe, pamoja na kifuko kidogo cha silika ya kunyonya unyevu, kwenye kijaluba kisicho cha plastiki ya PVC, kwa sababu PVC huachia utando wa kijani unaoila fedha. Ndimu, chumvi, majivu na dawa ya meno visiiguse kamwe: mng'ao ndio ushahidi wote uliouona kupitia lenzi, na ukishaondoka, hakuna atakayeweza kutofautisha pigo dhaifu na kulika, wala wewe.

Ukiamua kuituma ng'ambo kupangiwa daraja, chagua kwenye fomu huduma ya makosa ya kiwanda, ambayo hulipiwa zaidi. Usipoichagua, sarafu yenye pengo au tabaka lililobanduka huweza kurudi na maelezo ya kisahani kibovu tu. Andika uzito kwa desimali mbili, taja kasoro iko upande upi na saa ngapi kwa mfano wa uso wa saa, na ambatisha picha tatu: mbele, nyuma, na ya tatu ikiwa na taa ya pembeni iliyoelekezwa kwenye kasoro yenyewe.